Mguu wa kushoto nao ufundishwe

Mwaka 2021, kama ilivyokuwa 2019, Mtwara ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA). Wageni walirudi kwao. Swali letu ni nini kinaendelea katika viwanja vya shule, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, siku zisizo na mashindano.

Tazama chandimu yoyote jioni. Mtoto wa mguu wa kulia akipata mpira kushotoni, huuzunguka kwanza auweke sawa; beki ameshafika. Hilo si suala la kipaji. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza kulia kwa mwili, na wa kulia huongoza kushoto, na mguu usiotumwa haujifunzi. Ukifundishwa, huweza: katika Kombe la Dunia, Andreas Brehme wa Ujerumani Magharibi alipiga penalti kwa kushoto dhidi ya Mexico mwaka 1986. Ya fainali ya 1990 aliifunga kwa kulia.

Mazoezi ya mguu dhaifu hayana gharama. Ukuta wa darasa, mpira hata wa matambara, pasi 20 kwa mguu dhaifu kabla mtoto hajachoka, ndipo mguu wa mazoea ufuate. Kisha kukokota mpira kati ya mawe, kwa zamu, kulia na kushoto. (Vifuu vya nazi navyo vinafaa, na huku havijawahi kuadimika.)

Tunawaomba walimu wa michezo wa Mtwara watenge dakika 15 katika kila kipindi. Mabao ya uwanja wa Nangwanda Sijaona yatasubiri.