Nukta mbili hazitoshi shambani

Leo naongelea jiometri, na tafadhali usinikimbie bado.

Shuleni tulifundishwa kwamba kupitia nukta mbili tofauti hupita mstari mnyoofu mmoja tu. Wazo hilo lipo tangu Euclid, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na programu za ramani bado zinalitegemea. Kwa kawaida kompyuta haihifadhi mstari wa mpaka. Inahifadhi nukta, kisha inaziunganisha.

Sasa huku Kibwezi utaona mtu anazunguka shambani na simu, anabonyeza penye mkonge huu, anabonyeza penye ule, halafu anatangaza: "Mpaka ni huu, setilaiti imesema." Mimi napinga, na sababu zangu ni za hesabu.

Simu ya kawaida, hata mahali peupe, inaweza kukosea mita 5 hivi. Chukua nukta mbili zilizoachana mita 10. Moja ikisogea mita 5 kushoto na nyingine mita 5 kulia, mstari umegeuka digrii 45! Urefushe hadi mwisho wa shamba, tayari uko kwa jirani. Lakini nukta zikiachana mita 200, kosa lile lile linaugeuza mstari digrii 3 hivi tu.

Kuna jambo lingine. Nukta mbili hazipingani kamwe. Hata zikiwa za uongo, mstari utapatikana. Shahidi ni nukta ya tatu. Tafuta bikoni nyingine inayojulikana kuwa kwenye mpaka huo huo. Isipolala mstarini, kuna kosa mahali, usichimbe shimo la nguzo.

Sheria nayo ina tahadhari. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio, isipokuwa ile iliyopimwa na kuthibitishwa rasmi. Na mahakama haisikilizi kesi ya mpaka kabla msajili hajauamua.

Kwa hiyo simu iwe ya kuanzishia mazungumzo, siyo ya kuyamaliza. Waiteni wazee wanaozijua bikoni, pimeni zile za mbali, kisha sovea na msajili wafanye kazi yao. Ndugu wawili kushikiana panga kwa sababu ya makadirio ya simu ni hasara tupu.

Au mnaonaje, wadau?