Haki ya Mji wa Ibo kwa Mgeni Wake

Sisi wakazi wa Pundanhar, tulio katika njia itokayo Palma kwenda Nangade, twaihesabu bahari kuwa mlango wa jimbo letu la Cabo Delgado; na katika milango yake yote ni michache iliyobeba historia nzito kama ufuko wa mji wa Ibo, katika visiwa vya Quirimbas, ambao ulikuwa makao makuu ya utawala hata mwanzoni mwa karne ya 20, hadhi hiyo ilipohamia Pemba, iliyoitwa wakati huo Porto Amélia.

Mgeni afikaye kwa jahazi maji yakijaa hulakiwa na nyumba za mawe ya matumbawe zenye baraza ndefu na nguzo nene, nyingine zimebaki kuta tupu zilizokumbatiwa na mizizi ya miti. Aghalabu huvutiwa na uzuri wa magofu hayo, akapiga picha, akaondoka kabla maji hayajapwa. Rai yangu ni kwamba matembezi ya namna hiyo hayautimizii mji haki yake.

Ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, haikusimama pale kwa fakhari. Ibo ilitajirika kwa pembe za ndovu na kwa biashara ya watumwa, wana wa Adamu waliotolewa bara hii yetu. Na katika vita vya ukombozi, vilivyoanza mwaka 1964, Wareno waliwafunga ngomeni humo watu walioshukiwa kutaka uhuru. Anayeisifu ngome kwa unene wa kuta zake, bila kuelezwa ni nani walioteseka ndani yake, ametazama mawe akawasahau waja.

Na ndani ya ngome hiyo hiyo wafua fedha hufanya kazi yao ya urithi. Fundi huyeyusha fedha, huivuta ikawa uzi mwembamba kama unywele, akausokota, akaupinda kwa koleo ndogo, kisha akauunga kwa moto mpaka ikatokea herini au mkufu. Kazi kama hiyo huchukua muda mrefu. Kumpunguzia bei mwenye kuifanya, katika kisiwa kilichopigwa na kimbunga Kenneth mwezi wa Aprili 2019 na kukoseshwa wageni na vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, ni kukosa insafu.

Basi yafaa wenye mamlaka wahakikishe kwamba waongozao wageni ni wenyeji, wenye kujua Kimwani na habari za wazee. Kwamba sehemu ya mapato ya utalii itumike kukarabati nyumba kwa chokaa, kwa kuwa saruji huzuia unyevu na chumvi visitoke, nayo matumbawe huharibika. Na kwamba wanafunzi wa jimbo hili, wa Pundanhar wakiwamo, wapelekwe Ibo amani ikiruhusu, kwani historia ile ni yao kabla ya kuwa ya mtalii yeyote. Mji wa kale huhifadhiwa na watu wanaoishi humo na kupata riziki humo. Wao wakihama kwa dhiki, hakuna ukarabati utakaourudishia uhai wake.