MAONI YETU: Muuzaji wa mtandaoni, kwanza mzigo ufike

Biashara ya mtandaoni imefika Isaka kama ilivyofika kila mahali palipo na simu janja na bando. Fundi cherehani anaposti mishono yake, mama muuza mchele anaweka magunia kwenye stetasi ya WhatsApp, kijana mwenye duka la vifaa anauza gumbuti kwa wachimbaji wa Geita ambao hajawahi kuwatia machoni. Nyuma yao wamekuja wauza ushauri, na darasa la kulipia kwenye kundi la WhatsApp, ahadi ya wafuasi elfu kumi, siri za matajiri. Msimamo wetu ni kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo haina kazi hapa. Anachohitaji muuzaji wa Isaka ni kidogo, na karibu chote kinafanyika kila siku pale bandari kavu.

Tangu reli ya Tabora hadi Mwanza ikamilike mwaka 1928, Isaka imeishi kwa kupokea na kupitisha mali ya watu wengine. Mzigo wa Rwanda na Burundi ulioshushwa kwenye behewa hupakiwa kwenye malori ya kwenda Rusumo na Kabanga. Mwenye mali yuko Kigali au Bujumbura, hamjui mpakiaji na mpakiaji hamjui yeye. Wanaaminiana kwa sababu ya maandishi: kontena lina namba, lina lakiri, lina jina la mpokeaji. Likichelewa, inajulikana liko mikononi mwa nani. Mchimbaji wa Katoro anayetuma pesa Isaka kwa kitu alichokiona kwenye picha tu anataka hayo hayo. Hatafuti muuzaji mwenye maneno matamu, anatafuta uhakika kwamba mzigo utafika, na usipofika atajua wa kumuuliza.

Wanaodhani jina kubwa na programu ya kuvutia vinatosha wakumbuke Jumia. Aprili 2019 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la New York. Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Haikukosa mtaji wala matangazo. Wakati huo wauzaji wadogo wa Instagram na WhatsApp waliendelea kuuza, wengi wao bila tovuti, kwa kutumia wakala wa pesa, bodaboda na basi la asubuhi. Nguvu ya biashara hii iko kwenye safari ya mzigo, na hapo ndipo ushauri unapaswa kuanzia.

Jambo la kwanza ni bei. Mtindo wa "bei njoo inboksi" unafukuza wateja. Mnunuzi anaona muuzaji anapima mfuko wake kwanza ndipo ataje kiasi. Andika bei, saizi, hali ya bidhaa, na nani analipia usafiri. Asiyeiweza bei hiyo atapita, na wewe hutapoteza jioni nzima kumjibu.

La pili ni hesabu, ambayo madarasa ya kulipia huiruka. Tuchukue mfano. Gumbuti imenunuliwa Kariakoo kwa shilingi 15,000. Kuifikisha Isaka ni 1,000. Mfuko na bodaboda hadi stendi 1,500. Basi hadi Katoro 2,000. Makato ya kutoa pesa na bando, tuseme 1,000. Jumla ni 20,500. Muuzaji anaiuza 22,000 na kuwaambia rafiki zake amepata faida ya 7,000, kumbe imebaki 1,500. Jozi moja ikirudishwa kwa sababu ya saizi, faida ya jozi mbili imekwenda na basi. Dawa yake inajulikana: nauli ya mzigo ailipe mnunuzi na aambiwe mapema, au uza kwa mafungu. Kundi la wachimbaji wa duara moja likiagiza jozi kumi, mzigo ni mmoja na gharama inagawanyika mara kumi.

La tatu ni nini cha kuuza. Mtu wa Katoro mwenye simu anaweza kuagiza moja kwa moja Kariakoo. Kwa nini apitie kwako? Sababu nzuri ni kwamba uko karibu: tochi ya kichwani imeharibika leo, moko umekatika leo, na wewe unaweza kumfikishia kabla mzigo wa Dar es Salaam haujatoka stendi. Sababu nyingine ni bidhaa za kwetu. Wasukuma waliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma na Arusha wanatamani michembe na matobolwa ya nyumbani. Mchele wa Kahama hauhitaji kutambulishwa kwa mtu. Kijana wa Isaka anayeposti saa za mkononi zilezile zinazopostiwa na kila mtu, wakati jirani yake anaanika michembe uani, amepita mbele ya soko lake bila kuliona.

La nne ni ushahidi. Kila mzigo upigwe picha ukiwa umefungwa, uandikwe jina na simu ya mpokeaji, na mteja atumiwe jina la basi, namba ya gari na risiti. Hapa wenye mabasi nao tunawagusa. Haikubaliki kupokea pesa ya mzigo mkononi bila karatasi, kisha mzigo ukipotea kondakta anasema hakumbuki. Huduma ya vifurushi na vipeto inahitaji leseni ya TCRA, na asiyetoa risiti asipewe mzigo. Wauzaji wakikataa kwa pamoja, stendi itabadilika haraka.

La tano ni kujitambulisha. Watanzania wamechoshwa na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa uchovu huo muuzaji mwaminifu naye anashukiwa. Njia ya kujitenga na matapeli ni kuwa na jina linaloonekana: sajili jina la biashara BRELA, chukua lipa namba ili mnunuzi aone jina hilo kabla hajathibitisha malipo, eleza duka au nyumba yako iko wapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanyika kwa simu. Ujumbe ulioandika "mzigo utafika Ijumaa" ni ahadi inayoweza kukurudia. Kwa mteja mpya wa mbali, chukua kianzio na amalizie mzigo ukifika. Kwa wa hapa mjini, alipe akishika bidhaa.

La sita, tunza daftari. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kadhaa. Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliyumbisha intaneti Afrika Mashariki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini na siku kadhaa zikapita kabla haijarejea. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye karatasi aliweza kupiga simu ya kawaida na kuendelea. Aliyekuwa na wafuasi tu alikaa akisubiri. Wafuasi si kitu kibaya, ila wapo kwenye akaunti inayoweza kufungwa au kudukuliwa usiku mmoja.

Halmashauri yetu ya Msalala nayo ina sehemu yake. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wauzaji wa mtandaoni kisionekane ni cha watu wanaochezea simu. Kipimwe kwa daftari la mauzo, risiti za mizigo na idadi ya wateja waliorudi. Maofisa biashara na maendeleo ya jamii waandae mafunzo ya bure ya hesabu, ufungashaji na usajili, ili vijana waache kumlipa mtu wa mbali asiyejua hata basi la Katoro linaondoka saa ngapi.

Jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021. Itakapokamilika, mji huu utakuwa karibu zaidi na masoko, na masoko nayo yatakuwa karibu na mji huu. Wauzaji wa Mwanza watamfikia mteja wa Kahama kwa urahisi ule ule tutakaomfikia nao sisi. Atakayemhifadhi mteja wake ni yule ambaye miaka yote mzigo wake ulifika siku aliyosema. Jina hilo halinunuliwi kwenye darasa la WhatsApp, na muda wa kulijenga ni sasa, kabla treni haijafika.