Njemke humnyima mkulima zaidi ya fedha

KILA msimu wa kakao wilayani Kyela husikika kilio kile kile: walanguzi wa njemke wanawamaliza wakulima. Njemke ni kakao mbichi, inayouzwa ikiwa bado na ute wake, mara nyingi kwa ndoo badala ya mizani. Mlanguzi alaumiwe, ndiyo. Lakini ndoo hiyo hutoka shambani kwa ridhaa ya mwenye shamba, na hilo katika Ikolo na vijiji jirani halisemwi sana.

Hasara ya fedha inafahamika. Kinachosahaulika ni kwamba ladha ya kakao haikamiliki mtini. Punje huvundikwa siku 5 hadi 7, zikafunikwa kwa majani ya migomba na kugeuzwa kila baada ya siku mbili, kisha huanikwa hadi unyevu ubaki asilimia 7 au 8. Ukipasua punje iliyovundikwa vizuri, ndani ni kahawia. Iliyoharakishwa ni ya zambarau au kijivu. Muuza njemke haioni rangi hiyo hata siku moja. Anaweza kulima miaka 20 asijue kama kakao yake ni nzuri au mbovu, kwa kuwa kazi ambayo ingempa jibu amemwachia mtu mwingine. Haishangazi kumsikia akisema kilimo hakina maana.

Bei ya dunia haimo mikononi mwake. Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 katika soko la New York, na mwaka 2025 ikaporomoka, bila mtu wa Kyela kuulizwa. Siku za kuvundika ni zake.

Itasemwa kuwa mgonjwa na ada ya shule havisubiri kakao ikauke. Ni kweli, na chama cha msingi kinachochelewesha malipo baada ya mnada kina lawama yake. Lakini si kila ndoo ya njemke ina mgonjwa nyuma yake. Nyingine huishia kilabuni, na wake wa wakulima wanalijua hilo vizuri zaidi kuliko wataalamu.

Kaya inayotenga hata nusu ya mavuno, ikayavundika na kuyapeleka ghalani kwa stakabadhi, kama sheria ya mwaka 2005 inavyoruhusu, inaweza kusimama kwenye mkutano mkuu wa chama na kuuliza malipo yako wapi. Muuza njemke akiuliza swali hilo, mwenyekiti atamwuliza kilo zake zimeandikwa kwenye daftari gani.