TUHESABU KWANZA, TUPIGE DAWA NYUMA



Neno langu ni juu ya shamba letu la pamba, lile la nyuma ya internati. Munajua kanuni: kila siku 14, wadudu wawepo wasiwepo, wavulana wanabeba pompe na kupiga dawa. Imeandikwa kwenye karatasi mlangoni mwa depo, na mimi, mkubwa wa wanafunzi, ndiye ninayeita majina.

Mwaka uliopita niliita kijana mmoja wa mwaka wa pili. Upepo ulikuwa unamjia usoni, hana viatu, hana kitambaa puani. Usiku akatapika, macho yakamwuma, tukakaa naye mpaka asubuhi. Alipona, Mungu ashukuriwe. Kesho yake nikaingia shambani kutafuta wale viwavi tuliowapigania. Katika mistari iliyopata dawa niliona wawili. Nikaenda kwenye mistari mine ya mwisho, ambako pompe ilikauka mbele ya kufika: watatu tu! Basi tulimgonjesha mtoto wa watu juu ya nini? Juu ya karatasi.

Mutasema: ukingoja kuona wadudu umechelewa. Ni kweli nusu. Kiwavi wa pamba akiisha kutoboa tunda na kuingia ndani, dawa haimfikii tena. Kwa hiyo hatutafuti kiwavi, tunatafuta yai lake. Liko jeupe, dogo kama chembe ya chumvi, mara nyingi kwenye majani machanga ya juu. Kule Zimbabwe, tangu miaka ya 1960, wakulima walifundishwa kuangalia mimea 24 na kuhesabu mayai; yakifika 12, ndipo wanapiga. Yasipofika, pompe inalala.

Mimi si adui wa dawa. Pamba inapendwa na wadudu mingi, na mwaka mwingine bila dawa utavuna majani matupu. Lakini dawa haichagui. Inaua buibui, inaua na yule mdudu mwekundu wa madoa meusi anayekula vidudu vya chini ya majani. Hawa ni wafanyakazi wetu wasiolipwa. Katika bonde la Cañete, inchi ya Peru, walianza mwaka 1949 kumwaga DDT na ndugu zake. Mwanzo ilikuwa furaha: mwaka 1954 hektari moja ilitoa kilo zaidi ya 700 za nyuzi. Halafu wadudu wakazoea dawa, adui zao wakaisha, watu wakazidi kupiga na kupiga. Mwaka 1956 walipata kilo karibu 330. Walipoacha dawa zile na kuweka sheria mpya, mavuno yakarudi.

Wenzangu wengine wananiambia kuhesabu ni kazi ya wavivu. Ajabu! Kubeba pompe bila kujua unaua nini, hiyo ndiyo bidii? (Na wewe unayetia mafuta ya mawese katika chupa tupu ya dawa, unajijua. Itoboe, uitupe.)

Bwana Prefe akikubali, Jumamosi hii nitaingia shambani na wawili wa mwaka wa tano, daftari mkononi. Ni kazi ya nusu saa. Hesabu tutaibandika mlangoni mwa depo, juu ya ile karatasi ya zamani, na pompe ibaki ndani mpaka tuisome pamoja na mwalimu wa ukulima.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita