Ulizia misumari kwanza, bunduki baadaye

Sisi mafundi wa kupaua tuna ugonjwa wetu: tukiona mashine yenye mlio, mfuko unawasha. Siku hizi ugonjwa umehamia kwenye bunduki ya misumari. Kijana anatazama video kwenye simu, Mmarekani kasimama juu ya kenchi anafyatua tu, paa linakwisha kabla ya chai ya saa nne. Kesho yake yuko Kariakoo anauliza bei ya bunduki. Mimi namwambia aanzie upande wa pili. Aulize bei ya misumari yake, na aulize inauzwa maduka mangapi.

Bunduki unainunua mara moja, misumari unainunua kila kazi. Na msumari wa bunduki si huu tunaopimiwa kwa kilo. Wenyewe huja umeunganishwa na wenzake kwa plastiki, karatasi au waya, na safu nzima imelazwa kwa pembe maalumu. Ya plastiki huwa nyuzi 21. Ya waya iliyonyooka, nyuzi 28. Ya karatasi, nyuzi 30 hadi 34. Ya koili, ile inayoviringishwa kwa waya, nyuzi 15 hivi. Bunduki ya nyuzi 21 haili msumari wa nyuzi 34 hata uibembeleze. Ongeza urefu na unene: bunduki nyingi za kazi ya mbao nzito hupokea misumari ya inchi 2 hadi inchi 3 na nusu, yenye unene wa karibu milimita 3. Kukosea kimoja tu kati ya hivyo ni sawa na kununua jiko la gesi mahali pasipouzwa mtungi.

Hapo ndipo urahisi wa mtumba unapotuponza. Bunduki iliyotumika Ulaya au Marekani inaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei ya chini, na muuzaji haoni tabu kukupunguzia. Geuza ubavuni usome pembe na kipimo cha msumari. Kisha iache hapohapo mezani, uzunguke madukani ukitafuta misumari hiyo. Ukiikuta duka moja tu, jua umempata bwana: siku akipandisha bei unalipa, siku akiishiwa unarudi kwenye nyundo. Ukiikuta maduka matatu, rudi ukapatane bei.

Kwa fundi wa kipato chetu, mimi nasimama na bunduki ya upepo inayotumia koili. Ni nzito, sikatai. Lakini misumari ya koili ndiyo inayotumiwa sana na watengeneza pallet duniani kote, kwa hiyo ina soko kubwa na watengenezaji wengi. Koili moja hubeba misumari kati ya 200 na 300, wakati safu iliyonyooka huwa na 25 hadi 40. Tena waya hauogopi unyevu. Karatasi ikikaa kwenye stoo ya pwani hii msimu wa masika huvimba, na msumari uliovimba karatasi hukwama njiani. Plastiki nayo hurusha vipande usoni.

Za Kichina za koili huandikwa CN, kisha namba. CN55 hupiga misumari mifupi, mwisho wake inchi 2 na robo. CN80 hufika milimita 83, yaani inchi 3 na kidogo. Usiichanganye na ile ndogo iliyoandikwa F30, ambayo baadhi ya wauzaji nayo huiita bunduki ya misumari bila kupepesa macho. F30 hupiga visumari vyembamba visivyozidi milimita 30. Inafaa kubandika plaiwudi ya kabati. Ukiipeleka kwenye kenchi unamtega mwenye nyumba.

Za gesi na za betri? Za gesi hutaka kikopo chake maalumu chenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na kikopo hicho kusafirishwa kwa ndege ni shughuli kwa sababu kinahesabiwa mzigo wa hatari. Za betri ni nzuri kwa saiti isiyo na umeme, ila bei yake inanunua bunduki ya upepo pamoja na kompresa, na chenji inabaki. Ukipata ya betri ya mtumba kutoka Marekani, tazama chaja: nyingi ni za volti 120, na umeme wetu ni 230. Bunduki ya upepo haijali volti ya nchi yoyote. Inataka mgandamizo wa psi 70 hadi 120 tu, basi. Kinachojali ni kompresa, na saiti isiyo na umeme itadai jenereta na petroli. Weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujajisifu kwamba umenunua kwa bei poa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya misumari ya inchi nne hutoa misumari karibu 80, kwa hiyo gawanya bei ya kilo kwa 80. Chukua boksi la misumari ya bunduki, gawanya bei yake kwa idadi iliyoandikwa. Hapo umepata bei ya msumari mmoja kila upande. Lakini usilinganishe mmoja kwa mmoja. Msumari wa inchi nne wa kilo una unene wa milimita 4 na nusu hivi, wa bunduki ni 3 na kidogo. Kwa kanuni za wahandisi, huo mwembamba hubeba takriban nusu ya mzigo wa mnene pale mbao mbili zinapotaka kuteleza. Panapotosha msumari mmoja wa nyundo, bunduki inadai miwili.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema nyundo imekwisha kazi. Viungo vya kenchi, pale mbao mbili za inchi mbili zinapolaliana, nataka msumari wa inchi tano utokeze upande wa pili nikunje ncha. Bunduki ya inchi 3 na nusu haitokezi. Papi nazo nazipiga kwa mkono kwa inchi nne, maana upepo ukiingia chini ya bati, papi ndiyo inayong'ang'aniwa kwanza, na papi ya inchi mbili iliyoshikwa kwa msumari wa milimita 83 imebakiwa na inchi moja na robo tu ndani ya kenchi. Watu wanaona bati limeruka wanalaumu bati.

Bunduki naipa fisha bodi, mbao za fomu kabla ya zege, mbao za kushikizia kenchi kwa muda, na zaidi ya yote blanda za dari. Aliyewahi kupiga blanda kutwa nzima, shingo nyuma na nyundo juu, hahitaji maelezo. Hapo mkono mmoja unashika mbao, mwingine unafyatua. Kwa kazi hizo CN80 inatosha kabisa, na hakuna haja ya kulipia kubwa zaidi.

Jambo la kutu tunalipuuza sana. Mbao nyingi za paini zinazoshushwa kutoka Mafinga siku hizi zimetiwa dawa, na ile rangi ya kijani ni ya shaba iliyomo ndani ya dawa. Shaba na unyevu hula chuma kitupu. Kwa hiyo kwenye mbao ya dawa, na hasa huku kwenye hewa ya chumvi, omba misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto. Utaijua kwa rangi ya kijivu iliyofifia na mwili unaokwaruza. Inayong'aa ikateleza imepakwa zinki nyembamba, na haitadumu sana.

Usalama nao una bei yake. Marekani, kati ya mwaka 2001 na 2005, watu wapatao 37,000 kwa mwaka walipelekwa hospitali kwa dharura kwa majeraha ya bunduki hizi. Taasisi za usalama kazini za huko zinasema triga inayopiga kila mdomo unapogusa mbao ina hatari mara mbili ya ile inayokutaka uguse kwanza, ndipo uvute, msumari mmoja mmoja. Chagua hiyo ya pili, hata kama ni ya mwendo wa pole. Vaa miwani. Chomoa mpira wa upepo kabla ya kutoa msumari uliokwama. Na kijana wa ndala asikaribie.

Wenye maduka nao wana deni kwetu. Boksi la misumari ya bunduki liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: pembe, urefu, unene, idadi, aina ya zinki, na bunduki inayoila. Bunduki nayo iandikwe hivyohivyo. Mambo hayo yanaenea kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni, na yatamwokolea fundi mshahara wa mwezi. Muuzaji akishindwa kukujibu hayo, usimpe hela. Mwambie akufyatulie msumari mmoja kwenye kipande cha paini mbele yako. Ukizama ukalala sawa na mbao, anzeni kuzungumza bei.