Kijana wa Kegonga, usiache fizikia

Leo naacha kompyuta kidogo. Kila nikifika Kegonga vijana huniuliza swali lile lile: nisomee kozi gani ya kompyuta? Mimi naishi kwa kuandika programu, na bado nasema si lazima kila mwenye kichwa cha hesabu aje huku. Kuna uhandisi wa biokemia, yaani kuitumikisha hamira na vijidudu wenzake kiwandani.

Usicheke. Nyanya anayepika busaa anajua kuchachisha. Gramu 180 za glukosi zikichacha zote hutoa kama gramu 92 za pombe, nyingine huondoka kama gesi. Ila kuchacha hutoa joto. Nyungu hupoa yenyewe. Tangi la lita laki moja halipoi, na hamira hufa kwa joto lake yenyewe. Maji ya kupoza yapite wapi, kwa kasi gani? Hilo ni swali la fizikia na hesabu. (Programu yangu ikiharibika narudisha ya jana. Tangi likiharibika unamwaga.)

Hapa ndipo vijana wetu wanapotea. Wanaona "biokemia" kwenye orodha ya kozi, wanajaza. Ni sayansi nzuri kabisa, lakini Bodi ya Wahandisi ya Kenya haisajili mtu kwa shahada hiyo. Njia ninayoishauri ni uhandisi wa kemikali, kama ule wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, halafu biolojia uikamilishe katika shahada ya pili. Na njia hiyo inadai fizikia! Kwenye 8-4-4 mwanafunzi aliruhusiwa kuiacha akiingia kidato cha tatu. Katika mfumo mpya uamuzi unakuja gredi ya 10. Mtoto wa miaka 15 au 16 anajifungia mlango na hakuna aliyemwambia.

Kazi zipo? Chache, sidanganyi. Lakini kiwanda cha Agro-Chemical pale Muhoroni kilijengwa kugeuza molasi kuwa ethanoli na hamira. Kisumu wanatengeneza bia. Embakasi, KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, na nani asiyejua hasara yake kwa ng'ombe wa Kuria? Sisi wa programu nasi tumejaa, tunagombania kazi zile zile.

Walimu wa Kegonga, mwanafunzi akija kuomba kuacha fizikia, mwonyesheni kwanza kozi anazozipoteza, moja moja, kabla hajatia sahihi.